Mzunguko Mmoja Nyuma

Jumamosi, 7 Septemba

Krista kaja! Kaingia na buti za matope mpaka jikoni, mama yake kapiga kelele kidogo, kisha kamkumbatia. Kibali chake tumekijua tangu Juni — kuwinda elki dume, yule kulungu wa milimani mkubwa kama farasi, Bonde la Badger, kuanzia tarehe mosi Oktoba. Miaka tisa anaomba, miaka tisa wanamjibu pole, jaribu mwakani. Kuna watu hapa Wyoming wanazikwa hawajakipata kibali kile.

Kaweka pakiti mezani. Vichwa vya risasi vipya, vya shaba, virefu, ncha nyembamba kama mdomo wa korongo. Kasema, "Baba, nitengenezee risasi. Sitaki za dukani. Nataka za mkono wako."

Nilikwenda gereji kutafuta kitu ambacho hakijapotea, maana macho yalianza kunichezea.

Niliporudi kaongeza, "Ila, Baba, safari hii ziingie."

Nikamwambia risasi zangu huingia kila siku, mikono ya watu ndiyo hutetemeka. Akacheka. Kicheko kifupi. Mama yake hakucheka.

Baadaye mgahawani nikawaambia wote: risasi tatu, hatua mia, matundu yote matatu mtayafunika kwa sarafu ya senti tano! Odell Bratvold, rafiki yangu tangu tunanyonya, dereva wa basi la shule mstaafu, mrefu kama nguzo ya umeme na akili zake zimeishia kiunoni — akauliza, "Sarafu ipi, Verlyn? Ile ya chokoleti?" Mgahawa mzima ukacheka. Mimi pia. Nimekula na majenerali Ujerumani (nilikuwa jikoni, lakini chakula kilikuwa kimoja), nimeendesha lori majimbo arobaini na manane. Odell hawezi kuniumiza.

Krista akanywa kahawa yake kwenye kikombe chake. Kila mmoja wetu ana kikombe pale, kwenye msumari wake, na jina. Chake kimeandikwa TETEMEKO. Nilikiandika mimi kwa rangi ya kucha ya mama yake, Ardis, ile vuli ambayo elki mkubwa kuliko wote alisimama mbele yake kama ng'ombe anayesubiri kukamuliwa, na yeye akashindwa kupiga. Alisema risasi iligoma kuingia kwenye bunduki. Wote husema hivyo! Homa ya uwindaji hiyo, humpata yeyote. Utani mzuri ule. Miaka tisa na rangi haijabanduka.

Jumapili, 8 Septemba

Ardis kaenda kanisani, mimi gereji. Kila mtu na ibada yake.

Nimejaribu kumi, bila baruti wala fataki. Shule niliiacha darasa la kumi, lakini vidole vyangu kumi vyote ninavyo.

Matokeo — aibu! Kalibu ya kukalishia vichwa ni ya marehemu mzee. Ile sehemu ya ndani inayosukuma kichwa kiingie kwenye ganda, kisukumio, imechongwa kwa vichwa butu vya zamani. Hivi virefu inavikaba shingoni. Kila kichwa kina mkwaruzo kama pete, na kimeinama upande. Nimezipanga kumi mezani, zimesimama kama Odell akitoka harusini.

Kichwa kikikaa upande, risasi inakwenda inakotaka. Krista hawezi kupanda mlima na risasi zilizolewa. Nahitaji kalibu mpya.

Ardis karudi, kazitazama, kasema, "Dola arobaini, Verlyn. Isizidi hata senti." Nikauliza kwa nini arobaini. Akaelekeza kidole kwenye mashine ya kukaushia nyama niliyoinunua Krismasi, ambayo sasa anahifadhia soksi.

Jumanne, 10 Septemba

Dukani kwa Wanda Pickering. Wanda anauza misumari, chakula cha farasi, chambo cha samaki, na kila kitu cha bunduki. Ana miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, na sijawahi kumwona akikosea chenji.

Kanionyesha kalibu moja — mama yangu! Inang'aa kama saa ya mkurugenzi wa benki. Juu ina mikromita, unazungusha, inaita tiki, tiki, unashusha kichwa kwa unene wa unywele. Bei yake ni zaidi ya tulivyonunua friji.

"Inapika pia?" nikauliza.

"Haipiki," Wanda kasema. "Ila haina porojo."

Kisha akatoa nyingine, kiboksi chekundu. Kalibu ya kawaida, dola thelathini na nane, visukumio viwili ndani, kimoja cha vichwa butu, kimoja cha virefu. Kanambia, "Hii itakufaa, Verlyn. Vijana wanatengenezea risasi za mashindano."

Nikaipima mkononi. Nyepesi. Nikamwambia chuma cha bei hiyo ni cha kufungia geti la mbuzi. Wanda akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani, akanitazama kupitia yote miwili. "Kwani unatafuta kalibu, au unatafuta cha kumwonyesha Odell?"

Swali gani hilo. Nimetoka bila kununua. Nimetoka na pakiti ya minyoo ya kuvulia, kwa heshima yangu tu.

Jumamosi, 14 Septemba

Dola tano! DOLA TANO!

Mjane wa daktari wa meno kaweka vitu vya marehemu nje ya gereji, kila mtu achague. Nikaona kijisanduku chini ya sufuria ya keki. Kalibu, chapa nzuri ya zamani, kipimo kilekile cha bunduki zetu, thelathini-sifuri-sita, haina kutu hata punje. Nilijikaza nisitabasamu. Ukitabasamu bei inapanda, hilo nimejifunza sokoni Stuttgart. Yule mama akanipa na sufuria bure. Kaniambia nina uso wa mtu mwenye huzuni.

Nimefika nyumbani nikimwimbia Ardis. Nimefungua — kisukumio chake ni cha vichwa butu. Kama kile cha mzee.

Nimempigia Odell. Sikutaka, lakini Odell anajua ujanja wa kila kitu kasoro wa kuoa. Kasema tulia, bwana. Chukua ile gundi ya mirija miwili, changanya, jaza kwenye shimo la kisukumio, kandamiza kichwa chenyewe mle, acha usiku kucha. Asubuhi gundi imekuwa jiwe lenye umbo la ncha yako kamili. Kalibu ya kifalme kwa bei ya gundi.

Mimi huyo! Nimeshaiweka. Mikromita wabaki nayo watu wa benki.

Jumapili, 15 Septemba

Gundi imekauka. Umbo ni kamili kabisa. Kasoro ndogo: kichwa hakitoki.

Nimevuta kwa koleo. Nimevuta kwa jino (usimwambie Ardis, shajara). Nimegonga. Nimezungumza nacho kwa upole, nimezungumza nacho kijeshi.

Nimempigia Odell.

"Ulikipaka nta kwanza?" kauliza.

"Nta gani?"

Kisha nikasikia sauti kama farasi aliyebanwa kwenye mlango. Odell alikuwa analia kwa kicheko, mtu mzima wa miaka sitini na minane. "Verlyn! Ndugu yangu! Hata mtoto wa chekechea anajua gundi inagandisha! Uliiweka gundi ya kugandishia ukategemea isigandishe?"

Hakusema nta. Ninaapa hakusema. Au alisema na mimi nilikuwa ninaongea.

Nimeiweka kwenye friji ya barafu, chuma kisinyae. Ardis kaikuta imelala juu ya pai yake ya matunda. Nikaitoa, nikaipuliza kwa mashine yake ya kukaushia nywele. Sasa gereji nzima inanuka nywele za kuungua na hata sina nywele.

Jumatatu, 16 Septemba

Bado.

Mgahawani leo kuna kikombe kipya kwenye msumari wangu. GUNDI. Kwa rangi ya kucha. Odell hana mke, sijui kaipata wapi rangi.

Nimekinywea kahawa mbele yao wote nikiimba. Lakini jambo la ajabu: hadi kikombe cha pili, utani ulikuwa umeanza kuwasha kidogo. Siku moja tu.

Jumatano, 18 Septemba

Nimerudi kwa Wanda. Nimevua kofia kabisa.

Kainama chini ya kaunta, katoa kiboksi chekundu. Juu yake karatasi imebandikwa: VERLYN. Chini yake tarehe: 10 Septemba.

"Siku ileile?" nikauliza.

"Ulikuwa bado hujafika mlangoni," kasema.

Dola thelathini na nane. Na zile mbili zilizobaki kwenye arobaini za Ardis nikatia kwenye kopo la msaada wa mtoto wa akina Lindqvist anayetibiwa mguu. Kisha nikaongeza ishirini nilizokuwa nimezificha kwenye soksi. Usimwambie Ardis, soksi yenyewe imo kwenye ile mashine yake.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo imetokea kitu.

Nilikuwa ninafunga kalibu mpya kwenye mashine. Ardis alikuwa amekaa kwenye kiti cha gereji anamenya tufaha, kwa sababu anasema nikiwa peke yangu ninagandisha vitu. Kaokota karatasi ya maelekezo iliyoanguka. Mimi sijawahi kusoma karatasi ya maelekezo maishani. Wanaosoma ni wale ambao mikono yao haina akili.

Kaanza kuisoma kwa sauti, ile sauti yake ya kusoma Biblia. Pandisha ganda kwa mpini. Teremsha kalibu mpaka uhisi imegusa mdomo wa ganda. Kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja kamili, ndipo uikaze.

"Soma tena hapo," nikasema.

"Irudishe nyuma mzunguko mmoja kamili. Usipofanya hivyo, kalibu itabana mdomo wa ganda, na bega la ganda, pale linapoanza kupungua kuelekea mdomoni, litavimba. Risasi iliyovimba bega inaweza isiingie kwenye bunduki."

Mimi sijawahi kurudisha nyuma. Mzee alinifundisha: kaza mpaka mwisho, halafu kaza kidogo tena. Miaka arobaini nimekaza. Na zangu zimeingia zote! Lakini bunduki yangu ni kuukuu, tundu lake la kuingizia risasi limechakaa, inameza chochote, kama mimi mezani. Bunduki ya Krista ilikuwa mpya. Tundu lake limebana kama mfuko wa Wanda.

Ardis akaendelea kumenya. Ganda la tufaha lilikuwa refu, moja, halijakatika. Akaniuliza bila kunitazama, "Zile za Krista, za vuli ile, bado unazo?"

Ijumaa, 20 Septemba

Ninazo. Pakiti iko rafu ya juu, nyuma ya makopo ya rangi. Nilizitengeneza ishirini, alinirudishia kumi na tisa. Moja ilipotea kule mlimani, nadhani aliitupa.

Wanda kaniazima kipimo, kipande cha chuma chenye tundu. Risasi nzuri inazama mpaka usawa. Mbaya inabaki imechungulia.

Ya kwanza ilichungulia.

Nimepima zote kumi na tisa. Nilikuwa nataka moja tu izame. Moja! Ukipitisha ukucha begani unasikia uvimbe, kama tumbo la mtu aliyemaliza bata mzinga wa sikukuu. Kumi na tisa zimechungulia zote.

Iligoma kuingia, Baba. Ndivyo alivyosema. Alikuwa na miaka ishirini na tano, theluji kwenye kope, amelia njiani na amejipangusa ili nisione. Na mimi nilifanya nini? Nilikwenda mgahawani nikawaigizia jinsi mikono yake ilivyotetemeka. Nilitumia kijiko na kisahani. Niliwafanya wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Kisha nikachukua rangi ya kucha.

Hakuwinda tena na mimi. Alisema kazi nyingi. Yeye ni fundi wa magreda ya wilaya, kazi ni nyingi kweli, nikaamini.

Sili chakula cha jioni. Ardis kaweka sahani hata hivyo. Nimekula.

Jumapili, 22 Septemba

Nimetengeneza ishirini mpya. Polepole. Nimeteremsha kalibu mpaka ikagusa, nikarudisha nyuma mzunguko mmoja kamili, nikauhesabu kwa sauti kama mtoto. Kila risasi nimeipima kwenye tundu la Wanda. Zinazama zote. Vichwa vimenyooka kama makasisi. Kijisanduku cha dola thelathini na nane! Naomba radhi kwa lile neno la geti la mbuzi.

Leo uwanja wa shabaha. Krista, mimi, Odell na darubini yake, kaja kushuhudia nikiaibika.

Mlango wa bunduki ulifunga kwa mlio laini, kama friji. Krista akasimama kidogo na mkono juu ya kitasa. Akafungua tena, akafunga tena. Kisha akapiga tatu.

Odell akatembea hatua zote mia na sarafu ya senti tano mkononi. Akaiweka juu ya karatasi. Akaitoa. Akaiweka. Tulisubiri sana. Kisha akapiga kelele, "Imefunika! Shetani wewe, Verlyn, imefunika yote!"

Hapo ndipo nilipotaka kusema ukweli wa zile kumi na tisa. Mdomo ulifunguka. Lakini Odell alikuwa ananipiga mgongoni, na Krista alikuwa anacheka kicheko kirefu, kile cha utotoni ambacho nilikuwa nimekisahau, akasema, "Baba, wewe ni mchawi!" Nani anaweza kuzima kicheko kama kile? Nikasema ndiyo, mimi ni mchawi, nilifunzwa Bavaria.

Mgahawani kila mtu kanipongeza. Kikombe cha GUNDI kimeshushwa, kimerudishwa changu cha zamani chenye jina langu. Nilisamehewa kwa siku sita!

Krista akanyoosha mkono kwenye msumari wake, akachukua TETEMEKO, akanywea kahawa. Hakukitazama hata. Amekizoea kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimefungasha. Hema, sandwichi, chupa ya kahawa, fulana za rangi ya machungwa, redio mbili ndogo. Ardis hakubali mtu aende Badger bila redio. Bonde zima tunatumia idhaa ya saba, ukikohoa wanakusikia wote.

Ardis: "Utamwambia lini?"

Mimi: baada ya uwindaji. Nisimvuruge akili.

Ardis: "Akiua, utasema yameisha, ya nini kufukua. Asipoua, utasema si wakati wake. Nakujua, mzee wangu. Nimekaa na wewe tangu una nywele."

Nimechukua moja kati ya zile kumi na tisa, nimeitia mfuko wa shati. Ili inichome.

Jumanne, 1 Oktoba

Naandikia kwenye pikapu. Mchana, saa sita na kitu. Mwandiko haueleweki kwa sababu ya baridi. Nitajieleza mwenyewe mpangilio nisije nikaanza kuupamba.

Asubuhi yote ukungu. Huoni kofia yako mwenyewe. Tulikaa humu tukila sandwichi za Ardis, Krista ananisimulia greda lililovunjika ekseli, mimi nikimwambia nililolikarabati Bremerhaven kwa mkanda wa suruali. Raha. Miaka tisa sijakaa hivi. Kila nikivuta pumzi ile risasi inanigusa kifuani.

Nikaitoa. Nikaiweka juu ya dashibodi, mbele yake, imesimama. Nilifikiri ikisimama pale italazimisha maneno yatoke. Hayakutoka. Nikamweleza habari za mkanda wa suruali mara ya pili.

Ukungu ukapasuka. Krista akatoka na darubini. Hata sekunde kumi hazikupita, akainama, akarudi akikimbia huku ameinama, macho makubwa. "Dume," akanong'ona. "Baba, dume kama lori. Chini ya miti ya msonobari, ng'ambo ya kijito." Akavuta bunduki nyuma ya kiti, akanyoosha mkono kwa risasi, na iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya dashibodi.

Nilisema, "Siyo hiyo." Nadhani nilisema. Pengine niliwaza.

Akaelekeza mtutu kilimani, akaitia, akasukuma kitasa. Kikagoma.

Akasukuma tena, taratibu, kwa kiganja, kama fundi. Kikagoma palepale. Nikaona bega lake linakumbuka kabla ya uso. Akaitoa. Akaishika kwenye mwanga, akapitisha ukucha begani kwa ile risasi, mara moja, mara mbili. Fundi wa magreda huyu, anasikia unene wa unywele kwa kidole, hahitaji mikromita.

Kisha akanitazama.

Nimetazamwa na polisi wa kijeshi, na ng'ombe dume, na mama mkwe wangu siku ya kwanza. Sijawahi kutazamwa vile.

Nikasema, "Krista, mwanangu—"

"Sasa hivi nina elki," akasema. "Wewe kaa hapa."

Akairudisha ile risasi dashibodini, akaisimamisha wima palepale ilipokuwa. Akatia nne mpya. Mlango ukafunga laini. Akapunguza sauti ya redio yake, akaichomeka kiunoni, akashuka kwenye majani marefu. Mikono yake niliitazama vizuri. Ilikuwa imetulia kama meza.

Nimekaa. Mimi, ambaye sijawahi kukaa nikiambiwa kaa.

Nusu saa.

Dakika arobaini. Kahawa imepoa. Naitazama ile risasi nayo inanitazama.

Mlio! Mmoja. Umezunguka bonde lote ukarudi. Nimesubiri wa pili, haujaja. Mlio mmoja ni ama umemaliza kazi ama umekosa kabisa. Kutoka hapa sioni kitu, miti tu. Nimefungua mlango, nimetoa mguu mmoja, nimekumbuka alivyosema. Nimerudisha mguu.

Redio imelia. Odell, kutoka upande wa pili wa bonde. "Verlyn! Nani kapiga huko kwenu? Kaua, au Tetemeko kajikwaa?" Na nyuma yake nasikia kicheko cha wengine, watatu, wanne. Wote wako kwenye saba. Krista naye yuko kwenye saba, kiunoni, sauti imepunguzwa, lakini haijazimwa.

Nimeishika redio mkono wa kushoto. Kulia naandika nitakachosema, kwanza, nisije nikatia chumvi.

Nimeandika: kalibu ya zamani ilikuwa mbovu. Nimekata. Haikuwa mbovu.

Nimeandika: baba yangu alinifundisha vibaya. Nimekata. Mzee amekufa, hana redio ya kujibu.

Nimeandika: wote tulikosea. Nimekata. Wengine walicheka tu. Mimi ndiye niliyewapa cha kuchekea.

Imebaki hii: Odell, na wote mnaosikia. Vuli ile risasi ziligoma kweli. Nilizitengeneza mimi, vibaya. Mikono ya binti yangu haikutetemeka.

Ni fupi mno. Nimetafuta pa kupachika mzaha kidogo, hata ule wa Bavaria, sijapata nafasi.

Odell anaita tena. "We mchawi! Umelala?"

Nimebonyeza kitufe. Kicheko kimekatika. Bonde zima wananisubiri niwachekeshe. Ninawasomea kama nilivyoandika.